Maumivu Yasiyokuwa na Safu Daftarini

Miaka mitatu mama yangu aliumwa, na miaka hiyo yote hospitali ilimwambia haumwi. Maumivu yalianzia mabegani yakashuka hadi miguuni, na siku nyingine hata kufunga leso kulimshinda. Tulikuwa tukikaa Tiwi, uhuru ungali mpya. Alipimwa damu, akapimwa choo, akapigwa picha ya kifua. Kila mara kadi yake iliandikwa maneno yale yale: hana ugonjwa.

Kadi hiyo ndiyo iliyomponza. Bibi, mamake baba, aliishika kama hukumu ya kadhi. "Daktari mwenyewe kasema ni mzima. Huo ni uvivu tu." Mama alijikokota jikoni akakuna nazi huku machozi yakimtoka.

Nilipokuwa darasa la saba nilimsindikiza hospitali ya Msambweni. Tulimkuta tabibu mpya, kijana wa Kinango. Alimwamkia mama shikamoo, akamsikiliza bila kumkatiza, akambonyeza mabega, akamuuliza usingizi wake ulikuwaje.

"Mwanangu," mama alimwambia, "usiniandike tena kuwa mimi ni mwongo."

Tabibu alifungua daftari kubwa. Lilikuwa na safu ya homa, ya vidonda, ya kifua, ya safura. Alipitisha kidole hadi mwisho.

"Mama, yako hayamo humu. Lakini daftari kukosa safu hakumaanishi kwamba huumwi."

Akachukua rula, akachora safu mpya, kisha akaandika pale na kwenye kadi pia: Maumivu ya kweli. Chanzo hakijajulikana. Arudi kila mwezi.

Hakumdanganya kwamba yatakwisha. Alimfunza kunyoosha viungo asubuhi, kutembea kidogo kidogo, na kupumzika kabla hajachoka.

Nyumbani niliisoma kadi kwa sauti, baba na bibi wakisikiliza. Bibi aliniamuru niisome tena. Nikaisoma. Ndipo akainuka, akaivuta mbuzi ya nazi, akaketi kukuna mwenyewe.

"Niwie radhi, mwanangu," alimwambia mama.

Maumivu hayakuondoka yote. Lakini mwaka uliofuata, kwenye harusi ya binamu yangu, pembe za vugo, ngoma ya wanawake, zilipolia, mama aliingia uwanjani. Alicheza mizunguko miwili mizima, akakikataa kiti alicholetewa, na mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.