Pa Kufikia Kule Ziwani

Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na kila mwaka nimelichora Ziwa Nyasa ubaoni kwa chaki, refu, limejikunja kidogo kama ganda la ndizi, nikawaambia wanafunzi kwamba lina kina kirefu na samaki wasiopatikana kwingine. Kuoga humo sikuwahi. Nilizaliwa Igowole, kwenye ukungu wa Mufindi, Iringa, ambako maji niliyoyajua ni ya ndoo, tena ya baridi. Walimu wenzangu walipoanza kuweka picha za ufukweni kwenye status zao, nikasema mwaka huu na mimi naenda. Likizo ya Desemba, siku chache tu, mume wangu, binti yetu na mimi.

Gari hatuna. Kwa hiyo nikaweka sharti moja: mahali pafikike kwa basi, na basi la kurudi lipatikane kila siku. Tunakaa Uyole, pembeni mwa mji wa Mbeya, pale barabara ya Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu, na Kosta za kwenda huko zinaita abiria karibu kabisa na ninaponunulia nyanya. Isitoshe, nimeolewa na mtu wa hukohuko. Amezaliwa jirani na Matema, kwenye ufuo wa ziwa, ameogelea kabla hajajua kuandika. Nilidhani nitauliza mara moja, nijibiwe, nianze kukunja nguo.

"Tufikie wapi?" nikamuuliza.

"Popote tu, mwalimu."

Nikataja Kyela mjini, kwa sababu basi linakwenda moja kwa moja. Akasema Kyela mjini hakuna ziwa, nitakaa stendi natazama magunia ya mchele. Nikataja Ngonga, ufukweni hukohuko Kyela. Akasema kuna joto. Mtu wa Kyela ananiambia mimi habari za joto! Nikataja Ngosi, lile ziwa la juu ya mlima, ambalo kutoka kwetu si mbali. Akauliza nitalala juu ya mti gani. Nikataja kupanda meli mpaka ng'ambo ya Mbamba Bay. "Meli ukiipata," akasema. Mwisho nikataja Matema. Akainuka akaenda kuangalia kama geti limefungwa, saa kumi ya jioni.

Nilibaki sielewi kushoto wala kulia. Mtu anakataa kila mahali na huku anasema popote. Nikaanza kuhisi kwamba tatizo si mahali, tatizo ni mimi, na nikajua linakotokea.

Kwao, kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Ni heshima, niliambiwa hivyo nilipoolewa, na vijana wengi siku hizi wameiacha, hasa wa mjini. Baba mkwe wangu hakuiacha. Alipokuja Mbeya kutibiwa macho, alilala kwa jirani yetu Mnyakyusa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipika, mume wangu akabeba, sahani zikarudi tupu. Nilimjua kwa kikohozi tu, kikipita nyuma ya uzio wetu asubuhi.

Heshima ningeielewa. Lakini wifi yangu aliwahi kuteleza ulimi akaniambia kwamba baba yao, aliposikia mwanawe anaoa Iringa, aliuliza, "Huko Uheheni amefuata nini ambacho hapa hakipo?" Tangu siku hiyo sikujua nishike lipi. Mtu anayekuheshimu hakutazami. Mtu asiyekutaka naye hakutazami. Utawatofautishaje? Kwetu baba yangu anamtania mke wa kaka yangu mchana kutwa, anamwambia ugali wake una mabonge, na yule dada anamjibu kwamba mabonge ni ya mwenye meno. Pale ukipendwa unajua. Mimi nilikuwa nimeolewa miaka yote hiyo na sijui kama nimepokelewa au nimevumiliwa. Na ndiyo maana nilitaka basi la kurudi kila siku. Nikiona nimekuwa mwiba kwenye macho ya mtu, niwe na njia ya kuondoka.

Kwa hasira ya kukosa jibu, nikaamua mwenyewe. Nikapata namba ya nyumba moja ya wageni kule Matema, nikapiga simu, nikaomba chumba. Mama aliyepokea alikuwa mchangamfu sana. Akauliza nasafiri na nani, nikamtajia mume wangu kwa jina la ukoo, kwa fahari, nikaongeza na kijiji chao. Akaniomba nirudie jina la kijiji, kisha akasema, "Haya, karibuni."

Siku ya pili mume wangu alirudi kazini mapema. Hakuvua viatu.

"Umepiga simu lodge?"

"Nimepiga. Wewe si ulisema popote?"

"Wamemwambia mzee. Kijiji kizima kinajua kwamba mtoto wake anakuja kulala lodge, kwao."

Nikasema basi tukalale nyumbani kwao, yaishe. Akaketi, akashika kichwa. Ndipo nilipoambiwa lile ambalo kama angeniambia tangu mwanzo tungeokoa maneno mengi. Nyumba ya mzee ni ya vyumba viwili na ukumbi mmoja. Mimi nikiingia, yeye inabidi atoke. Atahamia jikoni, au kwa jirani, na umri ule, na macho yale.

"Nikilala lodge nimemtukana," akasema. "Nikilala nyumbani nimemfukuza. Sasa mwalimu, nichagulie wewe."

Kumbe jibu lilikuwa hilo, na alikuwa amelikalia wiki nzima. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia palepale, sijui kipi kilitangulia. Nikasema tusiende. Binti yetu, aliyekwisha kuwaaga marafiki zake wote, akalia mpaka akalala.

Lakini kesho yake mzee akapiga simu mwenyewe. Waliongea Kinyakyusa muda mrefu, mimi naokota neno moja moja. Alipokata, mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mzigo asiojua una nini ndani.

"Amesema tusiende lodge. Tukifika Matema tusishuke kijijini, twende mpaka mwisho wa gari, ziwani. Kuna nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya marehemu baba mdogo. Lakini ile ilishaanza kuanguka."

"Amesema karibuni, au amesema njooni?"

"Mwalimu, amesema kuna nyumba."

Tukaenda. Kosta mpaka Kyela, pale tukabadili gari. Tulipopita kijijini kwao mume wangu aliinamisha kichwa kama mwizi, na mimi nikajifunika kanga ingawa joto lilikuwa la kupikia maharage. Mwisho wa barabara tukashuka. Ziwa lilikuwa pale, kubwa mno. Milima ilikuwa imeshuka mpaka majini bila kuacha hata pa kuweka mguu. Mchoro wangu wa chaki niliuonea aibu.

Nyumba ilikuwa imesimama sawasawa. Bati lilikuwa na vipande vipya. Ndani kulikuwa na kitanda chenye chandarua, mkungu wa ndizi, kuni zilizopasuliwa ndogondogo, na mtungi wa Wakisi, wafinyanzi wa ufuo ule, umejaa maji. Mtu hakuwepo. Nje, vijia viwili vipya vilikuwa vimelimwa, majani yake hata hayajakauka. Kimoja kilitoka mlangoni kikaenda moja kwa moja ziwani. Kingine kilitoka upande wa kijijini kikazunguka mbali, nyuma ya migomba, kikafika ufukweni mahali pengine kabisa.

"Hiki ni chako," mume wangu akanionyesha cha kwanza. "Kile ni chake. Kila asubuhi anakwenda kunawa ziwani. Amekilima ili msikutane."

Alisema kwa furaha. Mimi nikasimama pale na begi begani. Akufukuzaye hakwambii toka. Mzee wa macho mabovu ameinama na jembe, amelima njia mpya kabisa ili asinione. Nikamwambia mume wangu hivyo, akanishangaa.

"Angekuwa hakutaki, angelima?"

"Angekuwa ananitaka, angezunguka?"

Hatukuelewana. Siku zilizofuata nilioga ziwani nikiwa nimeshika mkono wa binti yangu, ambaye baada ya muda mfupi ndiye aliyekuwa amenishika mimi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, jambo ambalo sikuwahi kulifundisha. Nilicheka, nilikunywa maji bila kutaka, nililala mchana. Samaki waliletwa mlangoni, mbasa wawili wakubwa, na nilipofungua hapakuwa na mtu. Nikawakaanga, nikampa mume wangu sehemu kubwa ampelekee baba yake, na sahani ikarudi tupu, kama zile za Uyole. Asubuhi nilisikia kikohozi kikizunguka nyuma ya migomba. Kila kikipita nilijiuliza upya, na kila siku nilipata jibu jingine. Nikawa nimechoka na akili yangu mwenyewe. Nikaanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya basi la kurudi.

Siku ya kuondoka tulitoka mapema, tukasimama mwisho wa barabara kungoja gari. Binti yetu alikuwa anaokota mawe. Ghafla mume wangu akanigusa bega. "Geuka," akanong'ona. "Mzee anakuja kutuaga."

Nikajifunika kanga kichwani, nikageukia ziwa. Nikasikia binti yangu akikimbia na kuita babu, nikasikia fimbo ikigonga mawe, kisha kikohozi kile, karibu kuliko nilivyowahi kukisikia. Nilijua nikiondoka hapa bila kujua, sitajua tena.

Mzee akaanza kumwambia mwanawe habari za gari. Kwamba la kwanza linajaa, wangoje la pili, na Kyela wasikubali kupandishwa gari linalozunguka. Maneno ya kawaida tu. Ilinichukua muda kugundua kwamba nayaelewa yote. Alikuwa anaongea Kiswahili. Cha shida, cha kutafuta neno na kuliacha, cha mtu ambaye maisha yake yote hakukihitaji nyumbani mwake. Baba na mwana wale hawajawahi kusemezana Kiswahili. Mume wangu mwenyewe hakujua ajibu kwa lugha ipi.

"Na mwambie mama wa mtoto," mzee akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nasikia alipiga simu, anauliza pa kufikia. Asiulize tena. Mtu akija kwao haulizi pa kufikia. Anakuja tu."

Kisha akakohoa, akangoja.

Kujibu sikuruhusiwa, na kugeuka pia. Machozi yalikuwa yananitoka na hapakuwa na wa kuyaona isipokuwa ziwa. Nikachuchumaa palepale kwenye mchanga, kama wanavyochuchumaa wanawake wa kule wakisalimu wakubwa, nikayaambia maji neno moja la kwao ninaloweza kulitamka sawasawa. "Ndaga," nikasema. Asante. Nyuma yangu fimbo haikuondoka mpaka nilipomaliza kulia.