Tepu Nane Mbele ya Rula ya Chuma

Saa moja na nusu asubuhi, mafundi cherehani wanane wamesimama kuizunguka meza ya kukatia, kila mmoja na tepu yake ya kupimia shingoni. Mama Rula anaifuta rula ndefu ya chuma iliyopigiliwa ukingoni mwa meza, kisha anawaomba wamkabidhi tepu zao.

Saba wanatoa. Wa nane, mwanamume wa makamo aitwaye Fundi Kola kwa umahiri wake wa kushona makoti, anaishika yake kwa mikono miwili.

"Dada, hii nimekula nayo miaka ishirini na miwili," anasema. "Haijawahi kunitia aibu."

Mama Rula hana haraka. Anamwambia avute kiti, wanywe chai kwanza.

Hiyo ndiyo kazi yake katika kampuni hii inayoshona sare za hospitali: kuwapokea mafundi waliozoea kujitegemea na kuwafanya timu moja. Kundi la leo lina mwezi mmoja wa majaribio. Nguo mia nne zikitoka bila kurudishwa, wote wanane watapata ajira ya kudumu. Zikirudishwa, kila mmoja anarudi barazani kwake kusubiri wateja.

Kusubiri huko Mama Rula anakujua fika. Kwa miaka kumi na minne alishona kwenye baraza ya duka la jirani. Wiki hii nguo ishirini, wiki ijayo hata suruali ya kupunguzwa haiji. Anasema watoto wake watatu walijua kusoma uso wake kabla ya kujua kusoma vitabu. Anacheka akisema hivyo, ila macho hayacheki.

Miaka mitatu iliyopita kampuni ilimwita pamoja na wenzake sita. Waliingia, wakaonyeshwa cherehani, basi. Hakuna aliyewaambia choo kiko wapi, naye akaona haya kuuliza. Siku nzima hakugusa maji, mama mzima anajibana kama mtoto wa darasa la kwanza.

Yeye alipewa kazi ya kukata mikono ya nguo, na dada wa meza ya pili akakata viwiliwili. Kila mmoja akapima kwa tepu yake. Siku ya tatu walipoanza kuunganisha, mikono mia na ishirini ilizidi nafasi zake kwenye mabega.

"Nilimgombeza yule dada mpaka sauti ikakauka," anakumbuka. "Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba kosa ni lake."

Msimamizi, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, hakubishana na mtu. Alizichukua tepu zote mbili akazilaza kando ya rula. Ya yule dada ilikaa sawasawa. Ya Mama Rula, ya kitambaa, iliyovutwa kila siku kwa miaka tisa, ilizidi sentimita tatu katika kila mita.

Mama Rula alianza kukusanya vitu vyake mfukoni: mkasi, chaki, kopo la sindano. Alijua hataitwa tena, na machozi yalikuwa yanamtoka hata zipu ya mfuko haioni.

"Yule mama akanishika mkono," anasema. "Akaniambia, 'Mwanangu, weka mfuko chini. Tulikuita kazini, hatukukukaribisha. Kosa hili ni letu.'"

Walipunguza mikono yote kwa siku mbili, yeye na yule dada aliyegombezwa, ambaye leo ni shoga yake na hakosi kumkumbusha. Msimamizi alipostaafu aliacha ombi moja tu, kwamba wageni wapokelewe na Mama Rula. Mpaka sasa, kila Ijumaa Mama Rula anampigia simu kumshukuru. "Amechoka kuisikia asante yangu," anasema. "Lakini ataisikia tu."

Ndiyo maana kwake siku ya kwanza hakuna kushona. Anawatembeza wageni: choo, bomba la maji, mahali pa kupumzika, mtu wa kumwendea ukiumwa. Kisha zinapimwa tepu. Zilizovutika hazitupwi, zinatundikwa ukutani, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Chai imekwisha. Mama Rula anaitoa ukutani ile tepu yake ya zamani, anailaza kando ya rula na kumwomba Fundi Kola asome.

Fundi Kola anasoma. Kisha, bila kuambiwa, anaivua yake shingoni na kuilaza juu ya meza. Imezidi sentimita moja na nusu.

Fundi kuambiwa vipimo vyake si sahihi si jambo dogo, na hapa kila mtu ni fundi.

"Kumbe ndiyo maana wateja wangu walikuwa wanasema makoti yangu hayabani," anasema taratibu.

Wanacheka wote, naye akiwamo. Anaandika jina lake kwenye kikaratasi, anaitundika tepu yake karibu na ya Mama Rula, anapokea mpya.

Barua nane za ajira zimeshachapwa. Zimo kwenye droo ya ofisi, zinangoja sahihi tu, na Mama Rula ameziona kwa macho yake. "Sitaki hata moja ibaki mle," anasema. "Namjua mtu anayerudi barazani anarudi na nini moyoni."

Saa nne, mletaji mpya wa vitambaa anatua mzigo wake mlangoni na kuanza kuangaza huku na huku, akiona haya. Kabla Mama Rula hajanyanyuka, Fundi Kola ameshasimama.

"Unatafuta choo, kaka? Kwetu hapa ni mlango wa pili. Njoo nikuonyeshe."

Mama Rula anawatazama wakitokomea kwenye ujia, kisha anarudi kwenye meza na kuanza kuhesabu vitambaa vya sare mia nne.

"Umemsikia?" anauliza. "Amesema kwetu."