Ua la Doreen Lililotazama Mlango

Wenzangu, aibu niliyojitafutia sebuleni kwangu Hodge Hill, huku ughaibuni, ilinifanya nikose kanisa wiki tatu, na bado nikikumbuka najifunika shuka.

Doreen alikuwa ajuza niliyemhudumia nyumbani kwake (kuoga, chai, dawa), na siku ile niliondoka dakika ishirini kabla ya wakati kwa kuwa mvua ilinyesha na basi lilikuwa linakuja, nikaandika kwenye simu ya kazi kwamba nimekaa muda wote. Mwenzangu wa jioni alimkuta amekufa kitini, uso umeelekea mlangoni. Sikumwambia mtu. Baada ya mazishi bintiye akanipa ua la chunguni liitwalo amarilisi, alilokuwa akililea mama yake, shina lake kama kitunguu kikubwa kilichotokeza nusu nje ya udongo, na mimi ningekataaje?

Nikakiweka chungu dirishani. Bua likarefuka haraka mpaka nikaanza kuliogopa, kisha yakafunguka maua mekundu mapana kama visahani. Nikitoka alfajiri yanatazama dirisha, nikirudi mchana, nyumba tupu, kimya, yanatazama mlango. Nayageuza, kesho yake nayakuta yananingoja tena. Nikalinyima maji, likazidi kunawiri. Nilianza kupitia mlango wa jikoni, mtu mzima, nyumbani kwangu mwenyewe.

Mpangaji wangu, Mama Furaha wa Bukavu, alikuwa akishinda darasani akijifunza Kiingereza, kwa hiyo sikumsumbua (hapo ndipo nilipokosea), nikamwita mchungaji.

Jumamosi mchana wakaja watu kumi na wawili, akiwemo Dada Agnes, anayetupangia zamu kazini. Wakalizunguka ua, wakaimba, wakakemea, mchungaji akauliza kama kuna jambo kati yangu na marehemu, nami nikaona kabisa lile ua linaniangalia, nikapiga magoti.

"Doreen nisamehe," nikalia, "nilikuacha dakika ishirini mapema, nikaandika uongo."

Mama Furaha alikuwa amesimama na sinia la chai.

"Mama Njeri, ni miye naigeuzaka," akasema polepole. "Kila asubui, ukisha kutoka. Karatasi ya chini ya chungu inasema igeuzwe kila siku, isilale upande moja. Nasomaka ile karatasi juu ya kujifunza Kiingereza yangu."

Mmoja akacheka, wakacheka wote, hata mchungaji akajifanya anakohoa. Dada Agnes hakucheka. Alinigeukia akaniuliza, mbele ya wote, nilipoondoka, Doreen alikuwa anafanya nini.

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa ananieleza namna ya kulitunza hilo ua, na mimi nilikuwa nimeshavaa koti.

Hakuna aliyecheka tena. Jumatatu nikapewa onyo la maandishi, nikalitia sahihi bila kubisha, maana nililistahili. Nimeapa, mzee akianza kunieleza jambo, liwe la maua au la paka wake, nitakaa chini nimsikilize mpaka amalize.