Swali la Maji Juu ya Ubao

Mtu aliyetunga maswali ya mazoezi ya mekanika ya vimiminika hajawahi kuchota maji. Hilo nililijua tangu mwanzo wa chuo na mpaka leo sijabadili mawazo. Kila swali linaanza na tenki lililojaa, na tenki hilo linabaki limejaa hata likitobolewa. Nani analijaza? Swali halisemi. Bomba ni laini, msuguano upuuzwe, maji hayana tope wala majani wala chura, na upande wa pili hakuna mtu anayesubiri na ndoo. Nilikuwa nayafanya huku nimekunja uso, na somo nalo likanikunjia uso. Muhula ulipoisha nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio, nikarudi nyumbani likizo na bunda la maswali niliyoyachapisha kwenye steshenari moja ya Mpanda mjini wakati nasubiri gari la Mpimbwe.

Kwetu Mpimbwe ni mpunga na mahindi, lakini hasa mpunga. Baba alikuwa ameshafariki, na ule ulikuwa msimu wa kwanza mama analima bila yeye. Nilitegemea kumkuta amechoka. Sikutegemea kulikuta shamba lile jinsi nilivyolikuta. Mvua zilikuwa zimekata katikati ya msimu, kama zinavyopenda kufanya siku hizi, na mpunga ulikuwa karibu kutoa masuke, wakati ambao hauvumilii kiu hata kidogo. Majaruba ya mama yalikuwa yamepasuka nyufa za kuingia kidole. Ng'ambo ya tuta, kwa baba mdogo, maji yalikuwa yamesimama na vyura wanaimba. Shamba moja na jingine yanagusana, mfereji ni mmoja, jua ni lile lile.

Nikauliza kulikoni. Mama akasema udongo wake una kichanga, unakunywa sana. Baba mdogo naye alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba mwanamke peke yake hawezi kuziba matundu ya kaa kwenye matuta. Majirani walisema hivyo hivyo. Mimi nimekulia kwenye udongo wa pande zote mbili za tuta lile, nimeufinyanga vyungu vya kuchezea. Kichanga hicho kilihamia lini?

Mfereji wetu unatoka mtoni, na ulichimbwa na mababu kwa jembe la mkono. Maji yanapofika kwenye mashamba yanakutana na ubao mzito wa mninga uliosimamishwa kukinga mfereji, na kwenye ukingo wa juu wa ubao kumechongwa mapengo. Kila kaya ina pengo lake, na maji yanayopita kwenye pengo lako ndiyo mali yako. Ukubwa wa pengo unapimwa kwa shubiri, na shubiri ni ya mkono wa mwenyekiti wa mfereji, si ya mkono mwingine. Kaya iliyoshiriki kuchimba inapata shubiri nne. Kabla ya msimu mwenyekiti anaingia kwenye maji, anatandaza kiganja chake mbele ya watu wote, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, mara nne, pengo kwa pengo. Akimaliza watu wanapiga makofi. Kwa utaratibu huo hakuna aliyewahi kupigana panga kwenye mfereji wetu, na tunajivunia jambo hilo mbele ya vijiji vingine.

Ubao wa upande wetu una mapengo mawili, la mama na la baba mdogo. Zamani lilikuwa la baba na la baba mdogo. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa, ukaamua kwamba baba mdogo, kwa kuwa sasa ndiye mkubwa, achukue shamba alilokuwa analima baba, na mama achukue lile la baba mdogo. Walisema ni kubadilishana tu, ukubwa ni ule ule na shubiri ni zile zile. Niliudhika siku ile kwa sababu ya kuudhika tu, maana mjane hana siku anayoulizwa anataka nini. Lakini sikuwa na hoja.

Hoja niliipata kwenye bunda la maswali. Nilikuwa nimekaa kwenye tuta, bunda mapajani, namfukuzia mama kweleakwelea wasile ule mpunga kidogo uliokuwa umewahi kushika punje. Swali lilikuwa la maji yanayopita juu ya ubao wenye pengo la mstatili. Upana wa pengo ni kadha, kina cha maji juu ya ukingo wa pengo ni kadha, tafuta kiasi cha maji kinachopita. Sehemu ya pili iliuliza: kina kikipungua nusu na upana ukabaki ule ule, ni kiasi gani kitapita? Mtu yeyote atajibu nusu. Mimi pia nilijibu nusu kwenye mtihani, ndiyo sababu moja ya sapu yangu. Jibu ni kwamba itabaki kama theluthi tu, kwa sababu maji ya kina yanapita mengi na yanapita kwa kasi zaidi. Nililifanya swali lile upya na kulirudia mpaka likatoka sawa, halafu nikainua macho nikaangalia ubao wetu.

Sijui kwa nini hakuna aliyeona. Nasema uongo, najua. Hakuna aliyeona kwa sababu hakuna aliyewahi kupima kwenda chini. Kiganja cha mwenyekiti kinalala, hakisimami. Nikaingia kwenye mfereji na rula yangu. Upana wa mapengo ulikuwa sawasawa, kiganja cha mwenyekiti hakidanganyi. Lakini pengo la baba mdogo lilikuwa limechongwa chini zaidi, na maji yaliyopita juu ya ukingo wake yalikuwa na kina mara mbili ya yale yaliyopita kwa mama. Kwa hiyo mama alikuwa anapata theluthi ya kile anachopata shemeji yake, huku anaambiwa udongo wake unakunywa.

Nilikimbia nyumbani na maji yanatiririka kwenye sketi. Nilimweleza mama yote, nikamchorea chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, na alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi darasani. Kisha akaniambia niachane na jambo hilo, mvua itarudi. Nikamuuliza kama anamwogopa baba mdogo. Akasema hamwogopi. Nikamwambia basi anaogopa nini, mpunga unakufa na ndio chakula chake cha mwaka mzima. Akaendelea kupepeta. Nilimwona mwoga, na nilimhurumia kwa ile huruma mbaya ambayo msomi anakuwa nayo kwa mama yake. Kesho yake asubuhi nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti kuomba kikao.

Kikao kilikaa palepale mfereji unapogawanyika, wanaume wamesimama kwenye tuta, wanawake wamekaa kwenye majani. Mwenyekiti aliingia kwenye maji, akapima. Nne kwa mama, nne kwa baba mdogo. Akatoka, akajifuta, akasema jambo limekwisha. Nikasema halijaisha. Nikasimamisha kijiti juu ya ukingo wa pengo moja, nikakitoa, nikaonyesha palipolowa. Nikafanya vile vile kwenye pengo la pili. Kila mwenye macho aliona alama moja iko juu mara mbili ya nyingine. Wakaguna. Mzee mmoja akasema mfereji huu haujawahi kupimwa kwa kijiti tangu uchimbwe. Mwingine akasema hata kama liko chini kidogo, kidogo hicho ni nini, maji ni maji. Nilijaribu kueleza habari ya theluthi. Walinitazama kama ninavyomtazama mimi mtunga maswali, mtu anayeongea habari za maji ambayo hayapo.

Nilichokosa kwa hesabu nikakitafuta kwa mdomo. Nilimgeukia baba mdogo mbele ya watu wote nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii baba yake mdogo. Nilimwita mwizi wa mjane.

Baba mdogo si mtu wa maneno mengi, na hata siku ile hakupandisha sauti.

"Mwizi umemtafuta mwenyewe, sasa msikilize," alisema. "Huo ubao kauchonga baba yako. Pengo la chini lilikuwa lake, la juu langu. Miaka yote hiyo shamba langu likikauka nyie mlikuwa mnakula mpunga wa wapi?"

Hapo kikao kililipuka, lakini si upande nilioutarajia. Walimvaa yeye. Baba yangu alikuwa fundi wa mfereji, ndiye aliyechonga mbao za kaya zote, na siku ya mazishi yake kila aliyesimama alisema habari ya mkono wake mnyofu. Walimuuliza baba mdogo kwa nini amsingizie marehemu asiyeweza kujibu. Walimuuliza mbona hakusema ndugu yake alipokuwa hai. Akajibu kwamba alikuwa kaka yake, na mdogo hampeleki kaka kwenye kikao. Hawakumwamini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga kelele kuliko wote kwamba anamsingizia baba yangu. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akatoa hukumu. Kama ubao umechongwa na marehemu, basi ubao ni wa haki, maana mtu yule alijulikana. Baba mdogo aombe radhi kwa kumsema kaka yake vibaya. Mapengo yabaki yalivyo.

Kwa hiyo jina zuri la baba yangu ndilo lililofunga maji ya mama yangu. Niliona hivyo pale pale na bado sikujua nifanye nini. Hakuna fomula ya jambo la namna ile.

Mama akasimama. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha, na alichelewa kidogo kuinuka kwa sababu ya magoti. Hakunitazama.

"Shemeji anasema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyemshikia ubao akichonga. Nilimwambia umepitiliza, akaniambia watu wanapima upana."

Nimesikia mambo mengi ya kuudhi maishani lakini lile linanichoma mpaka leo. Watu wanapima upana. Baba alikuwa anajua. Hakuna aliyemfundisha swali lile, alilijua kwa macho ya fundi, na alilitumia kumla mdogo wake. Na pengo lile alilichonga kwa ajili ya watoto wake, nikiwemo mimi niliyesomeshwa kwa mpunga huo mpaka nikafika mahali pa kupewa swali hilo kwenye karatasi. Nilitaka kumkasirikia mama kwa kunificha. Nilitaka kumkasirikia baba mdogo kwa kusubiri zamu yake ya kula badala ya kusema. Aliponyang'anywa alijua ni dhuluma, na alipopata nafasi akaikalia dhuluma ile ile kama kiti alichorithishwa. Nilikasirika na wote, na hakuna hasira iliyotosha.

Mwenyekiti hakuwa na la kufanya zaidi ya kuamuru ubao mpya. Fundi mwingine alikuja na pimamaji yake, kingo za mapengo mawili zikalingana, na kwa mara ya kwanza katika mfereji ule mwenyekiti alisimamisha kiganja chake pia, kwenda chini. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wamezikagua na mbao za kaya nyingine, na nyingi zilikuwa sawa. Wetu ndio uliokuwa na doa. Maji yalifika kwa mama yakiwa mekundu ya tope, yakaingia kwenye nyufa yakitoa povu. Mama alikaa kwenye tuta akiyaangalia yakipanda. Sehemu ya chini ya shamba ilikuwa imeshakufa. Ya juu ilipona.

Tulirudi nyumbani njia moja, tukafika karibu na kisima. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ile nilipomchorea chini. Akasema alikuwa anapima kipi kinauma zaidi, njaa au kumsema mume wake mbele ya watu, na mimi nikamharakisha kabla hajapata jibu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda misa. Kwenye kuombea marehemu katekista alisoma majina kama kawaida, na la baba lilikuwemo, mama alikuwa amelipeleka. Jina liliposomwa watu walitugeukia. Niliwaona wanawake wawili waliokaa mbele yetu wakinong'onezana, wale wale waliolia kwa sauti kwenye mazishi yake. Mama alisimama wima na kitenge chake cha kanisani, akaitikia sala ya raha ya milele kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima, neno kwa neno, mpaka amina.

Mimi nilifunga mdomo. Nilikuwa sijamaliza na baba.