Baba wa Bwana Harusi Alipoimeza Stempu ya Maporomoko

Nilimwona mtu mzima, amevaa suti na tai, akimeza stempu ya posta mbele ya wazee wa koo mbili.

Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amelewa. Alikuwa amekuja kuposa.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, mkazi wa Makongeni hapa Thika, na sina desturi ya kuyaanika mambo ya nyumbani mwangu mtandaoni. Lakini mjukuu wangu Kui alirekodi nusu ya tukio kwa simu, akaisambaza, na sasa naona watu wasiojua hata tofauti ya posa na harusi wakitoa maoni.

Basi someni habari kamili kutoka kwa mwenye nyumba.

Tulikuwa na ruracio, yaani shughuli ya posa na mahari, ya Wangechi, binti wa mwanangu Bedan. Amepewa jina la mke wangu. Kwa desturi yetu, hilo humfanya aitwe mke wangu mdogo, na anayetaka kumchukua hunijibu mimi kwanza.

Kijana mwenyewe, Muriithi, sikuwa na neno naye. Ni fundi wa umeme, huamkia watu, na hufunga vifungo vyote vya shati.

Tatizo lilikuwa baba yake.

Kagwe anauza nyama choma pale Kamakis, Ruiru, na wateja humwita Bwana Stempu. Jina hilo analivaa kama medali.

Ipo stempu ya kumbukumbu yenye picha ya maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na Thika hapa: maji meupe, miamba myeusi, na kwenye ukingo wa mto alama nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama. Kwa miaka mingi Kagwe amewaambia watu kwamba alama ile ni yeye. Ati alikuwa mmoja wa wale vijana wanaoruka majini ili wageni wawatuze, na siku hiyo alivaa kaptula nyekundu.

Watu walimwamini. Mtu anayesubiri mbavu za mbuzi huamini chochote.

Siku ya posa wageni huja na msemaji. Wao walimleta Ephantus, mzee wa maneno laini. Maskini hakumaliza hata salamu. Kagwe alisimama, akampokonya neno.

"Wazee, tusizungushane. Hamtoi msichana kwa watu wa ovyo. Hii familia imechapishwa na serikali! Ile stempu ya Fourteen Falls, huyo ni mimi. Barua zimenibeba mpaka Ulaya!"

"Mzae ni noma!" kijana mmoja akapayuka nyuma ya hema. Makofi.

Nikamwuliza kwa upole, "Kagwe, waweza kuyarudia hayo mbele ya mke wako?"

"Mwalimu, si huyu hapa? Muulize. Anajua."

Mkewe, Nakhumicha, aliletwa Thika kutoka Bungoma akiwa mtoto, wazazi wake walipokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mananasi. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Vyema," nikasema. "Nimekusanya stempu tangu nikiwa mwanafunzi, na hiyo ninayo. Tutaitazama kwa lenzi. Ikiwa ni wewe, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote. Ikiwa si wewe, mbuzi wako wa mahari watarudi Ruiru leo hii. Nyumba inayodanganya mlangoni, chumbani itafanya nini?"

Wangechi akanishika mkono. "Guka, babu yangu, aki usiniharibie siku."

"Si mimi ninayeiharibu. Keti."

Machozi yalimlenga. Niliyaona, na sikubadilisha neno. Tangu hapo ndoa yake ilining'inia kwenye karatasi isiyotosha kufunika ukucha wa kidole gumba.

Nikaleta albamu yangu. Mkusanyaji makini hanunui stempu ya kumbukumbu moja moja. Hununua kipande cha nne zilizoshikana. Nikachana moja, kwa kuwa sikukusudia kipande kizima kipite mikononi mwa watu walioshika mbuzi.

"Lete nikuonyeshe mwenyewe, Mwalimu," Kagwe akasema. "Macho yako ni ya kizee."

Akaichukua. Akaitazama. Akaitazama lenzi mkononi mwangu.

Kisha akaitia kinywani.

"Haiya!" mke wangu akasema. "Ameila?"

"Ameila, Cucu!" Kui akajibu, simu juu.

Laiti angalisoma kidogo! Stempu ambayo haijatumika ina gundi mgongoni, na gundi hiyo huamka ikionja mate. Ikamnasa kwenye kaakaa. Akasukuma kwa ulimi. Akakohoa. Macho yakamtoka.

"Soda," akakoroma. "Nipeni soda!"

Kreti za soda zilikuwa mbele yake, amezileta mwenyewe. Lakini katika ruracio hakuna anayeonja kinywaji kabla binti hajaulizwa hadharani kama kinywewe. Akikataa, kinywaji hurudi kilikotoka. Kila mzee alilijua hilo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Jameni, msaidieni," Ephantus akasihi.

"Wangechi hajaulizwa," nikasema.

Hatimaye mke wangu, ambaye ana huruma kunishinda, akamletea birika la kunawia mikono. Akanywa kwenye mdomo wa birika, tai ikiloa.

Alipopata pumzi, alitabasamu. Alitabasamu! "Sasa hakuna cha kuangalia, Mwalimu. Tuendelee na shughuli."

Nimefundisha watoto wa kila aina. Nimemfundisha hata yule aliyeingiza kichwa ndani ya dawati akidhani makalio yake hayaonekani. Lakini sikuwahi kukutana na mtu anayedhani kwamba posta huchapa stempu moja.

Nikafungua albamu. "Zimebaki tatu, Kagwe. Tukuletee na kachumbari?"

Hema zima likalipuka kwa kicheko. Muriithi hakucheka.

"Buda, umetuchoma," akamwambia baba yake kwa sauti ya chini. "Umetuchoma kabisa."

Nikainama na lenzi yangu. Ndipo niliposikia sauti ya mwanamke.

"Mzee, ngoja. Usiangalie bado."

Alikuwa Nakhumicha, amesimama.

"Keti chini, mama!" Kagwe akafoka. "Hapa wanaongea wazee."

Hakuketi.

"Nitasema kilichoko, halafu uangalie. Kuna mwanamke amepiga magoti kwa jiwe. Upande wake wa kushoto kuna karai. Hiyo nyekundu si kaptula. Ni shuka ya kitanda, imeanikwa. Pembe moja imekunjika, kwa sababu niliiwekea jiwe isibebwe na upepo."

Nikatazama.

Mwanamke, amepiga magoti. Karai, upande wa kushoto. Shuka nyekundu, pembe imekunjwa, jiwe juu yake.

Nikampa Ephantus lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Nakhumicha, akavua kofia.

"Ni mimi," akasema mama yule. "Nilikuwa nafua. Mtu wa kamera akaniambia niendelee tu, nisitoke. Huyu hakuwako. Nilimsimulia mimi, tukichumbiana. Tulipooana ikawa yake."

"Na kule kuruka?" Muriithi akauliza.

"Kuruka gani, mwanangu? Baba yako hata kuogelea hajui."

Kagwe akajaribu kucheka. "Mama Muriithi, si hayo ni mambo ya nyumbani?"

"Nani aliyaleta hapa? Ulisema niulizwe, ati najua. Haya, nimeulizwa. Najua."

Nilisimama. Neno langu lilikuwa limekwisha kutoka, nami silirudishi neno kinywani. Mbuzi wa Kagwe walipaswa kurudi Ruiru.

"Guka," Wangechi akasema, "umewaambia watu sijaulizwa. Bado sijaulizwa."

Wazee wakanung'unika, lakini alikuwa sahihi. Desturi niliyomnyimia Kagwe soda sikuweza kuivunja kwa faida yangu mwenyewe. Nikamwuliza kama inavyopasa: "Mwanangu, wageni wameleta kinywaji. Tukinywe?"

Akafuta macho. "Inategemea ni nani amekileta. Kama ni yule, hapana, kirudi Kamakis. Kama ni huyu mama, tunywe."

Nikamgeukia Nakhumicha. "Mama, mbuzi hawa ni wa nani?"

"Ni wangu, Mzee. Nimewafuga nyuma ya nyumba. Hata hizo soda ni mayai yangu niliuza. Yeye alileta suti."

Hapo hata Ephantus alicheka.

"Basi, Kagwe," nikasema, "nilisema mbuzi wako warudi. Naona huna."

Muriithi akainuka, akakichukua kile kiti cha mbele alichokuwa amekikalia baba yake, akamwekea mama yake. Nikafungua soda ya kwanza kwa mkono wangu, nikampa Wangechi. Akaionja, akampelekea Nakhumicha kwa mikono miwili. Tukanywa sote.

Kagwe alitoka, akaenda kusimama karibu na mbuzi. Hakuna aliyemfuata, isipokuwa Kui na simu yake.

Sasa nasoma kwamba nilimwonea mgeni. Kwamba "mzee ana roho mbaya". Kwamba ilikuwa hadithi tu, haikumdhuru mtu.

Mwanamume akimwibia jirani kuku, mnampigia mayowe hadi Ruiru. Akimwibia mkewe siku moja ya maana katika maisha yake, mnamwita Bwana Stempu na kumwagiza mbavu.

Kwa hiyo kijana, ukija kwangu kuposa, na bado nina wajukuu wa kike, usinihubirie sifa za baba yako. Nitakuuliza mama yako amefanya nini duniani. Ukinijibu kwamba hakuna, usizime gari. Geuza hapo hapo langoni.