Leo Tumechimba ya Leo

Nafundisha historia katika shule ya wasichana hapa Nyeri, na naishi mtaa wa Skuta. Kila Jumatatu nilikuwa nikibandika darasani karatasi yenye maneno ya mwanamke mashuhuri: malkia, mwanasayansi, mpigania uhuru. Niliyasoma kwa sauti kubwa na kujiona jasiri sana. Kumbe nilikuwa mzima tu.

Likizo ya Agosti nilienda Kangema kumsaidia mama kuchuma majani chai. Nikioga, niligusa uvimbe karibu na kwapa la kushoto. Haukuuma. Nikasema ni mkanda wa kikapu, kwani ukikaa sana bila kubeba chai, mkanda hukukata. Nikaukanda kwa maji moto na chumvi. Muhula mzima nikaukanda.

Kufikia Januari chuchu ilikuwa imeingia ndani na inatoa maji yenye damu. Niliweka pamba ndani ya sidiria nikaendelea kufundisha. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Ilipoanza kunuka, nilienda hospitali. Majibu ya maabara yalipotoka, daktari hakuzunguka. "Mwalimu, ni saratani. Hii titi lazima itoke, na si mwezi ujao."

Nilikataa. Nilimwambia heri nife nikiwa kamili. Nilirudi nyumbani nikalala siku nne, nikitafuta kichwani maneno ya zile karatasi. Hakuna hata moja lililonifaa. Wanawake wale walisema na ulimwengu, nami nilikuwa mtu mmoja anayenuka, na niliogopa sana.

Mama akaja. Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya yake mzaa mama, ndiyo maana mama huniita "mama" tangu nizaliwe. Nyanya huyo, wakati wa Hali ya Hatari, alilazimishwa na wakoloni, pamoja na wenzake, kuchimba handaki kuzunguka kijiji, mchana kutwa, huku mama akiwa mtoto anayemngoja mlangoni.

Mama aliketi kitandani pangu, akasema nami kana kwamba mimi ndiye nyanya. "Mama, unakumbuka ukitoka kwa handaki ulikuwa unaniambia nini? Mikono imejaa damu, ati unaniambia, 'Leo tumechimba ya leo.' Hukuwahi kuniambia ya kesho. Sasa amka, tuende hospitali."

Nikaamka.

Walikata titi lote. Nililala na mrija ubavuni ukitoa maji mekundu. Kisha zikaja dawa za dripu: nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi, nikatapika hadi nyongo. Kwenye kitanda cha pili alikuwa mama mmoja wa Naro Moru aliyedhani uvimbe wake uliletwa na kuanguka shambani. Alikuwa amechelewa kuliko mimi. Alikufa kabla ya dripu ya tatu, na bado namlilia.

Kila jioni mama aliniuliza, "Umechimba ya leo?" Siku nyingine niliitikia kwa kichwa tu.

Sasa ni miaka miwili. Mkono wa kushoto huvimba, na kila nikiitwa kupimwa silali. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mama. Na wewe dada unayesoma, ukigusa uvimbe, hata kama hauumi, usiutafutie kikapu. Nenda upimwe.

Jumatatu niliyorudi darasani nilibandika maneno ya nyanya, na chini yake jina lake, ambalo ndilo langu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hii ni wewe ulisema?"

Nikamwambia ni nyanya yangu, na kwamba mimi ndiyo kwanza najifunza kuyasema.