Nyumba ya Rispa Waliyolala Wageni

Mnanisumbua na hii habari ya Maranga. Mmelala gesti alizozijenga tangu Kendu Bay mpaka Migori, na hakuna aliyewahi kuuliza fundi mwenyewe analala wapi. Leo ndio mnataka niandike, na vidole vinaniuma. Haya, someni.

Maranga alilala kwenye simba. Kwa wasiojua, simba ni kijumba cha kijana kando ya lango la baba yake. Akioa, anatoka na kufungua boma lake. Lakini kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kujenga, na kaka yake mkubwa alikuwa Paul, mwenye maboti Muhuru Bay, anayekaa nyumba ya kupanga na kusema kila Krismasi, "Mwakani najenga." Kumruka ni kujiitia mkosi. Basi Maranga na mkewe Rispa wakaingoja hiyo mwakani mpaka wakaota mvi.

Akingoja, aliwajengea wengine. Kila mwenye pesa alimtafuta, maana gesti ya Maranga ilikuwa na upepo hata jua la Februari. Lakini Rispa alijua jambo ambalo matajiri hawakulijua. Jioni, Maranga alimchorea nyumba yao kwa kijiti, mchangani, nje ya simba. Veranda pana, ya kukaa mvua ikinyesha. Jikoni lenye dirisha la kumwona anayeingia langoni. Halafu Rispa akaenda Kendu Bay akaikuta veranda kwenye gesti ya watu.

"Hii si ni yangu?"

"Naijaribu tu, nyar Kabondo," Maranga akasema, akimwita kwa jina la kwao. "Ikivuja, iwavujie wageni."

Rispa akacheka. Akacheka tena kule Rodi Kopany, alipoliona dirisha lake kwenye gesti nyingine. Kule Migori hakucheka. Kwa Dahir, mfanyabiashara aliyetoka Garissa, Maranga alikuwa ameweka vyote. Ilikuwa nyumba yake nzima, imeongezwa ghorofa tu, na namba milangoni.

"Ingia mama, chagua chumba," Dahir akamwambia. "Mke wa fundi halipi."

"Mimi si mgeni hapa," Rispa akajibu, akabaki kusimama barabarani na mkoba wake.

Nyumbani wanawake walimchokoza kisimani. "Rispa, kijana wako wa langoni hajambo?" Aliwatukana, akajitwika maji, akaenda zake. Akifika anauliza, "Paul amesema nini?" Na Maranga anatazama pembeni.

Maranga alifariki Machi, kifua kilimbana. Wakamzika kando ya ile simba, mzee wa wajukuu, mahali pa kijana. Paul alilia kuliko wote, mpaka akashikwa mikono.

"Shemeji, nilikuwa najipanga," akamwambia Rispa.

"Endelea kujipanga. Aliyekuwa anakungoja ameshachoka."

Basi mwaka haukuisha, Paul akajenga. Mabati mekundu, ng'ombe akachinjwa. Akaja kwa Rispa amevaa koti, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Shemeji, sasa njia imefunguka."

Rispa alimwangalia mpaka tabasamu likamwishia. Boma hufunguliwa na mume. Mjane hashiki shoka la kufungulia boma akaenda peke yake.

"Imefunguka kwa nani, Paul?"

 Paul aliketi chini, na koti lake, pale pale Maranga alipokuwa akichora, na Rispa hakumwambia ainuke. Hakuwahi kukanyaga kwenye ile nyumba ya mabati mekundu. Mvua ikinyesha, anakaa ndani ya simba, mlango wazi, maji yakimrukia miguuni. Gesti ya Dahir bado imesimama, ila veranda imezibwa kwa mbao, wamepangisha kinyozi.

Sasa wewe unayesoma. Kama ni mkubwa, na mdogo wako anangoja nyuma yako, weka chini haya makaratasi. Nenda nyumbani ukajenge, hata ya udongo, hata ya chumba kimoja. Usiniambie umejipanga. Ukimaliza, pitia kwa Rispa, umwambie mdogo wako amehama akiwa hai.